Siri ya Bahari Iulize Tope

Wahenga walisema siri ya mtungi iulize kata. Nami nasema siri ya bahari iulize tope. Usicheke! Lile tope jeusi la penye mikoko, linalonuka na kumeza viatu, ni kitabu cha historia.

Je, kitabu hicho huandikwaje? Mto ukifika baharini mwendo wake hupungua, na udongo uliobebwa toka bara hutua chini. Wa mwaka huu hulala juu ya ule wa mwaka jana, tabaka kwa tabaka. Sumu za viwanda na miji, kama vile risasi, zebaki na shaba, hung'ang'ania chembe za udongo huo na kuzikwa pamoja nazo.

Wataalamu nao husukuma bomba refu topeni, wakaliziba juu, kisha wakalivuta taratibu. Ndani hutoka tope refu mfano wa mche wa sabuni: la kale chini, jipya juu. Hulikata vipande vyembamba na kupima kila kipande maabarani.

Utauliza, umri watajuaje? Hapa ndipo fizikia inapoingia. Kuna risasi-210, ambayo huanguka toka hewani na kupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Wa Kidato cha Nne, hiyo si ndiyo nusu-uhai? Iliyobaki ikiwa kidogo, basi tope ni la zamani. Hesabu hii hurudi nyuma kama miaka 100 hivi. Shahidi wa pili ni seziamu-137, iliyotawanywa na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Ilianguka kwa wingi zaidi karibu na mwaka 1963, na tabaka lake huwa kama alama ya kitabuni.

Lakini jihadhari! Kaa na minyoo huchimba mashimo wakachanganya kurasa. Ndiyo maana shahidi mmoja hatoshi.

Huko Uhispania, tope la mlango wa mto Tinto lilionyesha kwamba uchafu wa migodi uliingia humo miaka 4,500 hivi iliyopita. Kumbe uharibifu haukungoja injini!

Na kwetu je? Mwaka 1988 mafuta mengi yalimwagika katika hori ya Makupa, Mombasa, na mikoko ikafa. Tena petroli yenye risasi iliuzwa nchini hadi mwanzo wa mwaka 2006. Mzee akisema zamani hori ilikuwa safi, mwingine atabisha, maana hakuna aliyepima siku hizo. Tope ndilo litakaloamua, kwa kuwa tabaka za chini hutuonyesha hali ilivyokuwa kabla ya uchafu.

Tena tope likichimbuliwa ovyo ili meli zipite, sumu iliyolala huweza kuamka na kuwafikia samaki, halafu sisi walaji. Afadhali kulipima kwanza.

Kwa hivyo ndugu msomaji, ukitupa betri kuukuu mtaroni usidhani imepotea. Tope linaandika.