Maneno ya Kiingereza Yanayohesabika na Yasiyohesabika

Muhula uliopita, katika mjadala wa Kiingereza unaofanywa hapa skuli, nilichaguliwa kutoa shukrani. Nilisimama mbele ya wenzangu nikasema kwa sauti kubwa: "I thank our teachers for their many advices and informations." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilidhani shati langu limechanika mgongoni. Niliporudi kukaa, mwenzangu mmoja wa dakhalia alininong'oneza kwamba Kiingereza hakina "advices" wala "informations". Nikamuuliza sababu, naye hakuijua. Nikawauliza wengine waliocheka, nao pia hawakuijua.

Kwa muda wa wiki tatu sikunyanyua mkono darasani, hata katika masomo niliyoyajua vyema. Nilipochoka na ukimya huo nilimwendea mwalimu wetu. Hakunicheka, alinipa kamusi akaniambia, "Tafuta mwenyewe, kisha uje unieleze." Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomweleza, nami nataraji yatawafaa wasomaji, hasa wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili.

Katika sarufi ya Kiingereza majina yamegawika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la majina yanayohesabika, kama "book", "boat" na "clove". Likiwa moja, jina la fungu hili hutanguliwa na "a" au "an". Yakiwa mengi, aghlabu huongezwa herufi "s" mwishoni: "a boat", "two boats". Huulizwa kwa "how many", na hufuatana na "many" na "few". Fungu la pili ni la majina yasiyohesabika, kama "water", "rice", "sugar" na "advice". Haya hayatanguliwi na "a" wala na nambari, hayana wingi, na kitenzi chake ni cha umoja. Huulizwa kwa "how much", na hufuatana na "much" na "little".

Mtu asidhani kuwa jambo hili ni geni kwetu. Hakuna Mpemba aendaye dukani akasema, "Nipe mchele miwili." Atasema kilo mbili za mchele, au kama walivyosema wazee wetu, pishi mbili. Wao walipima kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Kinachohesabiwa hapo ni kipimo, mchele wenyewe hauhesabiwi. Waingereza nao hufanya vivyo hivyo: "two kilos of rice", "a glass of water", "a bag of sugar". Kwa hiyo kanuni tunayo tangu utotoni. Taabu ni kwamba maneno wanayoyatia wao katika fungu la pili si yale yale tunayoyatia sisi. Nimeona taabu hiyo inatoka mahali pane.

Kwanza, yako maneno ambayo kwetu yanahesabika na kwao hayahesabiki. Sisi twasema shauri na mashauri, mzigo na mizigo, kifaa na vifaa, mkate na mikate. Kwa hiyo mwanafunzi huandika "advices", "luggages", "equipments" na "breads", na yote ni makosa. Akitaka kuhesabu hana budi kutafuta neno la kusaidia, kama tunavyotafuta kilo kwa ajili ya mchele. Shauri moja ni "a piece of advice"; habari mbili ni "two pieces of information"; boflo moja ni "a loaf of bread"; kipande cha sabuni ni "a bar of soap"; chaki tatu ni "three pieces of chalk". Katika fungu hili yamo pia "furniture", "homework", "knowledge" na "money". Neno "money" huwashangaza wengi, kwani fedha ndicho kitu kinachohesabiwa kuliko vyote! Lakini kwa Kiingereza zinazohesabika ni "shillings"; "money" yenyewe haina nambari. Hatusemi "three moneys".

Pili, yako maneno yetu ambayo sura yake ni ya wingi ingawa kitu chenyewe hakihesabiki. Tazama maji, mafuta, maziwa. Twasema "maji yamemwagika" kama tusemavyo "mayai yamevunjika". Masikio yetu yamezoea wingi huo, na mwanafunzi akiandika Kiingereza husema "the water are cold" au "these milks". Vivyo hivyo nywele: kwetu ni "nywele zangu zimekua", naye huandika "my hairs have grown". Kwa Kiingereza zote za kichwani kwa pamoja ni "hair", na kitenzi ni cha umoja: "my hair has grown".

Tatu, herufi "s" hudanganya. "News" inaishia na "s" lakini ni umoja, nayo haihesabiki: "the news is good". "Mathematics" na "physics" ni hivyo hivyo. Kwa upande wa pili, "people", "police" na "cattle" hayana "s" mwishoni, lakini kitenzi chake ni cha wingi: "the police are coming".

Nne, yako maneno yenye nyumba mbili. Hukaa fungu hili kwa maana moja, na fungu lile kwa maana nyingine. "Paper" ni karatasi ya kuandikia, nayo haihesabiki, lakini "a paper" ni gazeti au karatasi ya mtihani. "Work" ni kazi, lakini "works" huwa ni vitabu au sanaa za mtu. "Hair" ni nywele za kichwa, lakini unywele mmoja ulioanguka katika mchuzi ni "a hair". Aandikaye "I ate chicken" amekula nyama ya kuku. Aandikaye "I ate a chicken" huenda msomaji akafahamu kwamba amemmaliza kuku mzima peke yake. Katika chumba chetu cha chakula jambo hilo halijapata kutokea.

Sasa msomaji atauliza: je, ipo sababu? Kwa sehemu ipo. Maji ukiyagawa nusu, kila nusu ni maji; baiskeli ukiigawa nusu, huna baiskeli tena. Kitu kisicho na mpaka wake chenyewe huwa kigumu kuhesabiwa. Lakini sababu hii haifiki mbali. Viti na meza vina mipaka, na bado "furniture" haihesabiki. Mchele ni "rice", hauhesabiki, na maharage ni "beans", yanahesabika. Karafuu zetu zikiwa juani juu ya majamvi ni nyingi kupita hesabu, na hapana mtu azihesabuye moja moja, bali hupimwa kwa mizani. Hata hivyo kwa Kiingereza ni "cloves", wala si "clove".

Lugha nyingine nazo zina mwendo wake. Wafaransa husema "informations" kwa wingi bila ya kosa. Neno letu habari limetoka Kiarabu, na huko lina umoja na wingi: "khabar" na "akhbar". Kwa hiyo aliyesema "informations" hakukosa akili. Amefuata desturi ya lugha nyingine. Na Waingereza wenyewe wamewahi kukanganyikiwa. Zamani njegere walizoziita "pease" zilikuwa hazihesabiki. Watu wakadhani sauti ya mwisho ni alama ya wingi, wakaiondoa, wakapata "pea" moja na "peas" nyingi. Kosa lao likadumu mpaka likawa ndiyo sawa. Letu halitangoja muda huo, kwani mtihani uko karibu.

Ifanyweje basi? Tumia kamusi ya wanafunzi. A. S. Hornby na wenzake walitunga kamusi ya namna hiyo, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 ikatolewa na Oxford. Ilitungwa kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha yao, kama sisi. Kando ya jina utaona herufi C au U: C ni lenye kuhesabika, U ni lisilohesabika. Ukiona zote mbili, soma mifano, kwani neno hilo lina nyumba mbili. Tena, ukiandika neno jipya katika daftari, usiliandike peke yake. Andika "a piece of advice", "a loaf of bread", ili neno na mwenzake vikae pamoja kichwani.

La mwisho nawaambia wenzangu. Masomo yetu mengi ya sekondari huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyenyamazishwa na kicheko hapotezi Kiingereza tu. Hupoteza pia baiolojia na jiografia, maana haulizi tena. Mwenzako akikosea, msahihishe kwa upole, nawe uwe unaijua sababu. Wahenga walisema: Mwanzo kokochi, mwisho nazi.

Wiki iliyopita nilisimama tena katika mjadala. Nikawashukuru walimu "for their advice". Hapana aliyecheka.