Aibu Si Yako, Binti!

Wiki hii sina utani. Nilikwenda Kyela kwa dada yangu, nikamkuta mpwa wangu wa miaka 16 kajifungia chumbani siku ya tatu. Chakula hagusi, kuongea haongei. Kisa? Picha aliyomtumia "mpenzi" wake sasa inazunguka kwenye simu za watu, mpaka Matema huko.

Dada akafoka: "Nani alikutuma?" Nikamwambia, dada, hilo swali muulize aliyeisambaza. Mtoto akilaumiwa nyumbani, atamwambia nani? Ndiyo maana wengi hunyamaza, na mhuni anaendelea kuwatisha.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina mchezo: kusambaza picha za ngono za mtoto ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, jela isiyopungua miaka 7, au vyote. Nawe unayemrushia mwenzio "kwa kucheka tu", umo!

Binti, akitaka hela usimpe. Tunza meseji zake na namba. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, ni bure. Pia ipo huduma ya Take It Down kwa picha za walio chini ya miaka 18: picha haitoki kwenye simu yako, inatumwa alama yake tu, ili mitandao iliyojiunga, kama Facebook na Instagram, iizuie.

"Mjomba, nimewaaibisha," alisema.

"Hapana mama. Kajiaibisha yeye."

Jioni ile alikula wali kidogo, mama yake kakaa pembeni, kimya.

Tukutane wiki ijayo.