Fahamu: Kwa nini vijana huamka kwa taabu, na masomo yaanze saa ngapi?

Mzazi amwamshaye kijana wake alfajiri mara tatu asiinuke aghalabu humdhania uvivu. Lakini wataalamu wamebainisha kwamba mtu abaleghepo, ubongo wake huchelewa kutoa melatonini, homoni iletayo usingizi, hata akawa hawezi kulala mapema ijapokuwa taa imezimwa, ilhali umri wa miaka 13 hadi 18 wahitaji saa 8 hadi 10 za kulala.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilinasihi kwamba masomo ya vijana yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na jimbo la California likaifanya nasaha hiyo kuwa sheria kwa shule za sekondari za juu tangu Julai 2022. Mjini Seattle, ambako mwaka 2016 kengele ilisogezwa kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45, watafiti waliwavisha wanafunzi wa shule mbili vipimo vya mwendo mkononi, wakadhihirisha kuwa usingizi wao uliongezeka kwa dakika 34 kwa siku.

Hapana shaka ratiba za mabasi, michezo na kazi za wazazi ni vikwazo vya kweli. Hata hivyo, nchini Kenya, Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zaweka masomo ya shule za kutwa kuanza saa 2:00 asubuhi, nao watoto wangali wakitoka majumbani gizani. Basi walimu na wazazi, tuanze kwa kuitii kanuni iliyopo.