Mtengenezee kitabu kinachosema

Je, msomaji, kuna mtu nyumbani kwenu aliyekuwa akipenda kusoma lakini sasa macho hayamruhusu? Huenda ni babu ambaye gazeti la Jumapili lilikuwa chai yake ya pili. Huenda ni dada yako wa kidato cha pili ambaye maandishi ya ubaoni yameanza kumpotea. Ikiwa yuko, basi makala haya ni yako. Soma, kisha mkate kipande mkiweke.

Shangazi yangu alifundisha shule za msingi pande za Njoro na Molo kwa zaidi ya miaka thelathini. Alijiahidi kwamba akistaafu atasoma vitabu vyote ambavyo kusahihisha madaftari kulimnyima nafasi ya kuvisoma. Lakini glakoma, ule ugonjwa unaoharibu mshipa wa jicho polepole na mara nyingi bila maumivu, ilimtangulia. Leo anaona mwangaza na vivuli tu. Braille hakuwahi kujifunza, na katika umri wake anasema vidole vimekataa shule.

"Giza nimelizoea," aliniambia siku moja tukiota jua nje ya nyumba yake. "Kinachonichosha ni kuomba kusomewa. Mtoto anatoka shule amechoka, nami namngoja na gazeti mkononi kama mwenye deni."

Mjukuu wake, kijana anayesomea mambo ya umeme chuoni, alisikia maneno hayo. Akaazimia kumuundia nyanya yake mtambo wa kumsomea. Alidunduliza pesa zake akanunua bodi yenye nguvu kuliko zote alizoweza kumudu. Matokeo yake? Mtambo ulichukua karibu dakika nzima kuamka, na mzee wa watu akawa hajui kama umewaka au umekufa. Betri iliisha kabla ya chakula cha mchana. Na stima ilipopotea ghafla usiku mmoja mtambo ukiwa umechomekwa ukutani, kadi ya memori iliharibika na vitabu vyote vikapotea.

Kijana alikufa moyo. Ndipo alipoupeleka mtambo wake kwa fundi mmoja wa redio mjini Nakuru. Fundi aliugeuza mkononi, kisha akauliza swali moja tu: "Kijana, nyanya yako atasoma nini?"

Swali hilo, msomaji, ndilo la kujiuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja.

KUSOMA NI KAZI TATU

Watu husema "mashine ya kusoma" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa hakika kuna kazi tatu zilizo tofauti kabisa.

Ya kwanza ni kucheza sauti iliyokwisha kurekodiwa. Hii ni kazi nyepesi, na ina historia ndefu. Nchini Uingereza vitabu vya kusikiliza kwa wasioona vilianza kutolewa mwaka wa 1935, hasa kwa ajili ya askari waliopofushwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vilikuwa kwenye sahani za santuri, kila upande ukichukua takriban dakika 25, hivi kwamba riwaya moja ilihitaji rundo zima la sahani. Leo rundo hilo linatoshea kwenye kadi ndogo kama ukucha.

Ya pili ni kugeuza maandishi yaliyo ndani ya faili kuwa sauti. Hapa mtambo wenyewe ndio unaotamka.

Ya tatu ni kupiga picha ukurasa wa karatasi, kuzitambua herufi zake, kisha kuzitamka. Hii ndiyo nzito kuliko zote. Inahitaji kamera, mwangaza wa kutosha na nguvu nyingi za tarakilishi.

Kosa la kijana wetu ni kwamba alinunua mtambo wa kazi ya tatu ilhali nyanya yake alihitaji ile ya kwanza.

BODI NA KAZI YAKE

Sasa hebu tuzipitie bodi zinazopatikana kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki, Nairobi na kwingineko.

Ndogo kabisa ni DFPlayer Mini. Hiki ni kibodi kidogo kuliko kiberiti, chenye nafasi ya kadi ya memori. Kinacheza faili za MP3 na kuendesha spika ndogo moja kwa moja. Ukikiunganisha na vitufe na betri, tayari kinasema, hata bila tarakilishi yoyote. Kinapokea kadi ya hadi gigabaiti 32. Kina ila moja kubwa: ukikizima hakikumbuki ulipofika, wala huwezi kukiambia kianze katikati ya faili. Kwa wimbo hilo si neno. Kwa kitabu cha saa kumi ni adhabu.

Inayofuata ni Arduino, iliyozaliwa nchini Italia mwaka wa 2005. Arduino Uno ina memori ya kilobaiti 2 tu. Herufi 2,048, msomaji! Ukurasa mmoja wa kitabu cha kiada unaweza kuzidi hapo. Kwa hivyo usitarajie isome maandishi. Lakini inafaa sana kuwa karani wa DFPlayer: inapokea amri ya vitufe na kuandika mahali msomaji alipofika, na maandishi hayo hayafutiki hata betri ikiisha.

Ya tatu ni ESP32, iliyotoka mwaka wa 2016. Ina kilobaiti 520 za memori pamoja na Wi-Fi na Bluetooth. Ikipewa kadi ya memori na kikuza sauti kidogo kama MAX98357A, inaweza kucheza MP3 yenyewe na kukumbuka mahali ulipoachia kwa usahihi zaidi. Hata hivyo, itakudai uandike programu ndefu. Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka wa 2021 kwa dola 4 za Marekani, iko katika tabaka hilihili, ingawa Pico ile ya kwanza haina Wi-Fi wala Bluetooth.

Ya nne ni Raspberry Pi Zero 2 W, iliyotoka Oktoba 2021 kwa dola 15. Hii ni tarakilishi kamili yenye megabaiti 512 za memori. Inaendesha programu ya bure iitwayo eSpeak NG, ambayo inakijua Kiswahili. Lugha yetu ni rahisi kwa mashine, maana tunavyoandika ndivyo tunavyotamka, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti yake ni ya kibati, na majina ya watu na maneno ya kigeni huyavunjavunja, lakini inaeleweka. Kumbuka tu kwamba bodi hii haina tundu la vifaa vya masikioni, kwa hivyo utaongeza kikuza sauti. Isitoshe, haipendi kuzimwa ghafla. Izimwe kwa utaratibu, la sivyo kadi itakufa kama ile ya kijana wetu.

Na kazi ya tatu, ya kupiga picha? Hapa nitasema kweli: usijenge. Simu nzuri ya mkono tayari ina kamera, betri na programu za kusoma maandishi kwa sauti. Ikiwa mgonjwa wako anaweza kutumia kioo cha kugusa kisicho na kitufe hata kimoja, mpe simu. Mtambo wa kuunda nyumbani una maana kwa yule anayetaka kitufe anachokijua kwa kidole.

HESABU ZA BETRI NA KADI

Usinunue kwa kukisia. Piga hesabu.

Sauti ya mtu anayesoma, ikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti 29 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 basi inabeba takriban saa 1,100. Hivyo ni zaidi ya vitabu 100 vya saa kumikumi.

Betri nayo igawanye. Betri ya duara ya aina ya 18650 yenye milliampia-saa 2,600 ikilisha mtambo unaokula milliampia 100, itadumu kama saa 26. Mtambo ukila 400, ni saa sita na nusu tu, na hapo hatujatoa kinachopotea njiani. Azima mita ya fundi, upime mtambo wako ukiwa unasema, si ukiwa kimya.

Jihadhari na mambo mawili. Pawa benki nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, zikidhani hakuna kilichochomekwa. Mtambo mdogo unaweza kukatika kila baada ya muda na ukadhani una kasoro. Pia, betri za lithiamu zisichajiwe bila bodi ya kuzilinda, wala zisiachwe chini ya mto zikichaji. Moto wake hauzimiki kwa urahisi.

FUNDI ALIVYOSHAURI

Fundi yule alimwambia kijana aiweke ile bodi kubwa mezani na aunde upya kwa DFPlayer na Arduino ndogo. Kila kitabu kikatwe vipande vya dakika tano. DFPlayer hukubali mafolda kuanzia 01 hadi 99, kila moja likiwa na vipande 255. Vipande 255 vya dakika tano ni zaidi ya saa 21, kwa hivyo folda moja linatosha kitabu kizima. Arduino inaandika namba ya kipande kila kinapobadilika. Betri ikiisha, nyanya anapoteza dakika tano tu, si kitabu.

Kijana aliuliza: je, maandishi hayo hayatachosha chipu? Chipu ile imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 mahali pamoja. Kwa kipande cha dakika tano, hizo ni zaidi ya saa 8,300. Nyanya akisikiliza saa tatu kila siku, ni miaka saba na zaidi.

Na ile bodi kubwa haikutupwa. Sasa ndiyo inayogeuza faili za maandishi kuwa sauti usiku, ikiwa mezani imechomekwa ukutani, kisha kijana anahamisha sauti hizo kwenye kadi. Kazi nzito inafanywa na mashine kubwa mara moja, na ile ndogo inabaki kucheza tu. Huo ndio ujanja wenyewe, msomaji.

Kama anayesoma ni mwanafunzi, mambo hubadilika. Yeye hupata maandishi mapya kila siku na anahitaji kurukia aya fulani au kutamkiwa neno herufi kwa herufi. Huyo mnunulie Zero 2 W na umvumilie inapoamka, ila iambie itoe mlio mara tu inapokuwa tayari.

VITUFE KWANZA

Kijana alipounda mara ya pili hakuanza na waya. Alimpelekea nyanya kipande cha ubao chenye vitufe visivyounganishwa na chochote, akamwomba avipapase. Shangazi alivikataa viwili kwa kuwa vilifanana. Kisha akasema kitufe cha kurudi nyuma ndicho kiwe kikubwa kuliko vyote.

"Lakini nyanya, cha kuanza ndicho muhimu," kijana akasema.

"Mjukuu wangu, mimi ni mwalimu. Kusoma ni kurudia."

Vyote viliwekwa ndani ya sanduku la redio kuukuu, kwa kuwa mikono yake iliijua redio. Vitufe vilichaguliwa vya kufunikwa kwa mpira. Inasemekana jina la Nakuru linatokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na kila anayefagia nyumba wakati wa kiangazi hapa hahitaji ushahidi mwingine. Kila kitufe kinapobonyezwa, sauti ya mjukuu hutaja kilichofanyika: "Nyuma." "Mbele." "Kitabu cha nne."

HAKI YA MSOMAJI

Usione kazi hii kama hisani tu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Aidha, Kenya ilijiunga mwaka wa 2017 na Mkataba wa Marrakesh uliopitishwa mwaka wa 2013, unaorahisisha utoaji wa vitabu kwa njia inayowafaa wasioona. Hata hivyo, ruhusa hiyo ni kwa ajili ya msomaji asiyeona. Usichukue kazi ya mwandishi ukawauzia majirani kadi.

Sasa jioni shangazi hamngoji mtoto tena na gazeti mkononi. Mtoto humsomea Jumapili, simu ikirekodi, na shangazi husikiliza tena kati ya wiki kwa wakati wake. Juzi nilimkuta akibonyeza kile kitufe kikubwa mara ya tatu, akikosoa matamshi ya mjukuu wake.

Basi nawe, kabla hujaenda dukani, keti na yule unayetaka kumsaidia. Muulize anataka kusoma nini, saa ngapi kwa siku, na akiwa amekaa wapi. Mpe vitufe avipapase. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na bodi ya bei kali haijawahi kumjibia mtu swali ambalo hakuliuliza.