Moyo Hujaa Kabla ya Kusukuma

Wengi wanaohudhuria kliniki za presha katika hospitali za Mwananyamala na Temeke huujua moyo kuwa kiungo cha kusukuma damu, ilhali sehemu kubwa ya muda wake moyo hausukumi bali hujaa. Kwa mtu mzima aliyetulia, ambaye moyo wake hupiga mara 75 hivi kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.8, na kati ya hizo takribani 0.3 tu ni za sistoli, yaani kusinyaa kwa ventrikali, vyumba viwili vya chini, huku zilizobaki zikiwa za diastoli, yaani kulegea kwake.

Diastoli ndiyo hasa ya kutazamwa. Ventrikali zinapolegea, shinikizo ndani yake hushuka chini ya lile la atria, vyumba viwili vya juu, ndipo vali zilizo kati yao hufunguka na sehemu kubwa ya damu kuteremka bila kusukumwa, kisha atria husinyaa mwishoni na kuongezea iliyosalia. Ventrikali ya kushoto, ikiwa sasa na mililita 120 hivi, husinyaa; vali ya mitrali, ambayo damu iliingilia, hujifunga na kutoa sauti ya kwanza inayosikika kifuani, na mililita 70 hivi hutoka kuingia aota, mshipa mkuu wa mwili, ambayo vali yake ikijifunga hutoa sauti ya pili.

Presha isiyotibiwa hunenepesha ukuta wa ventrikali hadi ushindwe kulegea sawasawa, damu ikarundikana mapafuni na mgonjwa akakosa pumzi alalapo chali, ingawa nguvu ya kusukuma bado ipo. Si jambo dogo: utafiti wa Muhimbili ulioongozwa na Abel Makubi na kuchapishwa mwaka 2014 uliikuta presha kuwa chanzo kikuu cha moyo kushindwa kufanya kazi. Homa ya baridi yabisi nayo, inayofuata maambukizi ya koo kwa watoto, hasa penye msongamano wa watu, huweza kuibana vali ya mitrali. Na kwa kuwa moyo ukienda mbio diastoli ndiyo hupunjwa zaidi, mwanamke mwenye vali iliyobanwa hivyo huenda akaanza kuhema kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, moyo wake unapopiga kwa kasi zaidi.

Kasoro hizi huonekana kwa kipimo cha eko, kinachopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2015, hukitoa huko na pia katika hospitali yake ya Dar Group iliyoko TAZARA.