Mkojo Bado Unavuja Baada ya Upasuaji wa Fistula

Leo tunazungumza nawe uliyefanyiwa upasuaji wa fistula, ukarudi nyumbani kwa furaha, kisha ukaona nguo bado zinalowa.

Kama unavyojua, fistula ya uzazi hutokana na uchungu wa kuzaa wa muda mrefu. Kichwa cha mtoto hukandamiza nyama kati ya uke na kibofu hadi zikafa, na tundu likabaki.

Mama, usikate tamaa, wala usidhani umerogwa. Kuvuja huku kuna sababu zaidi ya moja, na kila sababu ina matibabu yake.

Kwanza, huenda tundu halikuziba lote. Ili kujua, daktari hutia maji ya rangi ya buluu kwenye kibofu. Rangi ikionekana ukeni, tundu lipo. Likiwa dogo na likigunduliwa mapema, mpira wa mkojo ukikaa ndani wiki kadhaa huweza kulipa nafasi ya kujiziba. Lisipoziba, upasuaji hurudiwa, kwa kawaida baada ya miezi 3 hivi, kidonda kikishapona.

Pili, huenda tundu limeziba lakini misuli ya kuzuia mkojo imelegea. Utaona mkojo unatoka ukikohoa, ukicheka au ukiinua mtungi. Hapa mazoezi husaidia wengi. Bana misuli kama unayezuia mkojo, hesabu hadi 5, kisha achilia. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Yasiposaidia, uko upasuaji wa kutegemeza njia ya mkojo.

Tatu, kibofu chenyewe huweza kujibana ovyo. Hapo daktari hutoa dawa.

Usiache kunywa maji ukiogopa kulowa. Mkojo mzito huchoma ngozi na kunuka zaidi.

Nawe baba, mvumilie mwenzako. Msikutane kimwili mpaka daktari aruhusu. Na akipata mimba tena, ahudhurie kliniki mapema ili azalishwe kwa upasuaji hospitalini.

Mama, rudi ulikotibiwa, ubebe kadi yako. Ukihitaji daktari bingwa, omba barua ya kwenda Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, au Hospitali ya Gynocare, Eldoret.