Kompyuta Hutunga, Sikio Huchagua

Mzazi, kijana wako akikuambia kuwa kompyuta inaweza kutunga muziki, usimcheke. Wala usidhani mashine imepata kipaji. Kazi hiyo mfugaji wa Usukumani anaijua tangu zamani.

Mfugaji hachagui dume ovyo. Huacha lililo bora lizalishe, na ndama wakikua huchagua tena. Programu nayo hubahatisha vipande vingi vifupi vya muziki. Wasikilizaji huvipa alama. Vibovu hufutwa, vizuri huchanganywa na kuzaa vipande vipya vyenye mabadiliko madogo. Huenda hivyo kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 2012, watafiti wa Imperial College London walichapisha matokeo ya jaribio lao, DarwinTunes. Walianza na kelele tu. Watu karibu 7,000 walisikiliza na kutoa alama kupitia intaneti. Vizazi vilipopita 2,500, kelele zilikuwa zimegeuka muziki wenye mapigo na mpangilio, bila mtunzi yeyote kuketi kuandika noti.

Sasa watazame Bagika na Bagalu, wapinzani wa jadi katika ngoma za Wasukuma. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huhamia upande unaowavutia. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Aliyeshindwa hurudi nyumbani kutafuta mtindo mpya. Ushindani huo huonekana kwenye sikukuu ya Bulabo, mwezi Juni, pale Bujora, Kisesa, penye Makumbusho ya Wasukuma, nje kidogo ya jiji la Mwanza.

Funzo kwa familia liko hapa: kompyuta haijui kizuri wala kibaya, inajua alama tu. Mtoto ambaye hajawahi kusikia ngoma ya kwao ataipa alama gani? Ataiona kelele, ataifuta, nayo haitazaa tena.

Kwa hiyo mpeleke Bujora akasikie. Nyumbani, jioni, jaribuni mchezo huu: kila mtoto apige makofi kwa mtindo wake, mapigo manane. Pigeni kura, unganisheni mitindo miwili iliyoshinda, badilisheni pigo moja, kisha mrudie. Baada ya raundi chache mtakuwa na mdundo ambao hakuna aliyeupanga.

Ila bibi naye apewe kura. Sikio lake limechagua kwa miaka mingi kuliko yetu sote.